Mandela na ANC waliuza mechi 1994? Wajuzi wa siasa za Sauzi njooni hapa

#1 Mkulima wa Kibaigwa
Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanikera siku nyingi. Tarehe 27 Aprili 1994 weusi wa Afrika Kusini walipiga kura ya kwanza katika maisha yao, wazee wengine wakibebwa mgongoni. ANC, chama cha Mandela, ikazoa asilimia 62 na viti 252 kati ya 400. Dunia nzima vigelegele. Sasa niambieni walipata nini zaidi ya ile kura.

Ukaguzi wa ardhi wa serikali yao wenyewe wa mwaka 2017 ulikuta kwamba katika mashamba yanayomilikiwa na watu binafsi, weupe wanashika asilimia 72. Hao weupe hawafiki asilimia 10 ya wananchi. Waliotesa na kuua wakasamehewa wote, unaenda tu kulia mbele ya Tume ya Ukweli ya Askofu Tutu unarudi nyumbani. De Klerk, rais wa mwisho wa makaburu, akapewa unaibu rais. Kaburu kabaki na shamba, mgodi na benki, mweusi kapewa bendera.

Msimamo wangu: mechi iliuzwa. Mugabe na ubaya wake wote alikuwa mkweli kuliko hawa. Anayepinga aje na hoja, matusi peleka jukwaa la mpira.

#2 Chagua Moja
Nimeshavuta kigoda. Kahawa ipo.

#3 Binti wa Chwaka
Mkuu Mkulima, unaisoma 1994 kama vile ANC iliingia Pretoria na vifaru. Haikuingia hivyo. Jeshi, polisi na hazina vilikuwa mikononi mwa makaburu mpaka siku ile. Hata mabomu ya nyuklia walishawahi kuwa nayo sita, De Klerk alikiri bungeni Machi 1993 kwamba wameyavunja.

Angalia miaka ile ya mazungumzo. Juni 1992 kitongoji cha weusi cha Boipatong wakauawa watu 45 usiku mmoja. Septemba mwaka huohuo wanajeshi wa Ciskei, jimbo la weusi lililoundwa na makaburu, wakawamiminia risasi waandamanaji wa ANC pale Bisho, wakafa 28. Aprili 1993 Chris Hani, kiongozi wa wakomunisti na kipenzi cha vijana wa ANC, akapigwa risasi nje ya nyumba yake Boksburg na mhamiaji wa Kipoland. Nchi ilikuwa inawaka. Mandela, ambaye hata rais bado, ndiye aliyekwenda kwenye televisheni kuwaambia vijana watulie, akawakumbusha kwamba aliyetoa namba ya gari la muuaji alikuwa mwanamke mweupe wa Kikaburu. Kwenye hali kama hiyo wewe ungedai mashamba yote siku ya kwanza?

Halafu aliyeleta hoja ya kugawana serikali kwa miaka mitano na kuwaachia watumishi weupe ajira na pensheni zao ni Joe Slovo, mkomunisti, mwaka 1992. Huwezi kumwita Slovo wakala wa mabepari.

#4 Mkulima wa Kibaigwa
Dada yangu, kumbe umenisaidia. Mkomunisti ndiye aliyelinda pensheni za makaburu. Asante kwa ushahidi.

#5 Wakili wa Mtaani
Naomba nirekebishe mambo mawili kabla uzi haujaenda porini.

La kwanza, viti 252 havitoshi kubadili Katiba. Theluthi mbili ilikuwa 267. Na Katiba ya mpito ilisema wazi: chama chenye viti 20 kina haki ya uwaziri, chenye viti 80 kinateua naibu rais. Chama cha De Klerk kilipata 82, kwa hiyo hakupewa kama zawadi, ilikuwa sheria. Wakajitoa wenyewe katikati ya 1996. Buthelezi wa chama cha Inkatha yeye aling'ang'ania Wizara ya Mambo ya Ndani mpaka 2004.

La pili, na hili ndilo kubwa, ardhi. Watu wanasema Katiba ndiyo iliyowalinda makaburu. Nendeni mkasome kifungu cha 25. Kinaruhusu serikali kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na kinasema wazi kwamba mageuzi ya ardhi ni manufaa ya umma. Fidia inatakiwa iwe ya haki, na bei ya soko ni jambo moja tu kati ya kadhaa yanayoangaliwa, pamoja na historia ya jinsi ardhi ilivyopatikana. Ile habari ya "muuzaji akitaka, mnunuzi akitaka" haimo kwenye Katiba, ilikuwa sera tu ya serikali. Waliahidi kugawa asilimia 30 ya mashamba ndani ya miaka mitano, na mwaka hadi mwaka wakawa wanatenga chini ya asilimia 1 ya bajeti kwa kazi hiyo. Sheria mpya ya utwaaji imetiwa saini Januari 2025. Miaka 30 na ushee. Mechi aliuza nani hapo, Mandela au waliokaa na kalamu bila kuandika?

#6 Dogo Janja 88
Wakili leo umeamka na hasira.

#7 Mzee Mlali
Vijana, mnarukia 1994. Anzieni 1913. Sheria ya Ardhi ya mwaka ule iliwaachia weusi asilimia 7 ya nchi, 1936 ikaongezwa kufika kama 13. Ndiyo maana sheria ya kurejesha ardhi inahesabu kuanzia tarehe 19 Juni 1913. Aliyenyang'anywa na mababu wa makaburu kabla ya hapo, imekula kwake. Na maombi yalifungwa mwisho wa 1998. Fikiria bibi wa kijijini aliyehamishwa miaka ya sitini, hana hata karatasi moja, unamwambia alete madai kabla ya Krismasi. Wa mijini wengi waliishia kuchukua hela taslimu, wakalipa madeni, basi.

#8 Nyakati za Nairobi
Habari zenu majirani. Kuhusu Tutu mnamuonea bana. Sisi Kenya baada ya machafuko ya 2007/08 tuliunda tume ya ukweli, ripoti ikatoka 2013, ikapelekwa bungeni na huko ndiko inalala mpaka leo. Hakuna mama wa Wagalla, kule jeshi lilikoua raia, aliyeona hata sumni. Wenzetu angalau vikao vilikuwa hadharani, redioni na kwenye televisheni, mtu akimsikia polisi akieleza kwa mdomo wake alivyomchoma mwanawe. Na Katiba yetu ya 2010 sehemu nzima ya haki tumeichota kwao. Mpaka Albie Sachs, yule jaji aliyepoteza mkono kwa bomu la makaburu kule Maputo, tulimleta atusaidie kuwachuja majaji wetu.

#9 Mkulima wa Kibaigwa
Kwa hiyo faida yao ni kusikiliza muuaji redioni? Halafu anaenda kula pensheni.

#10 Wakili wa Mtaani
Mkulima, "wakasamehewa wote" uliandika wewe. Takwimu hizi hapa: waombaji wa msamaha 7,112, waliopewa 849. Wengi walikataliwa. Masharti yalikuwa mawili: kosa liwe la kisiasa, na useme ukweli wote. Muuaji wa Hani alikataliwa. Askari waliowaua wale wanne wa Cradock mwaka 1985, Goniwe, Calata, Mkonto na Mhlauli, walikataliwa 1999.

Shida inaanzia hapo. Tume ilikabidhi ofisi ya mwendesha mashtaka majalada karibu 300 ya watu ambao ama walinyimwa msamaha ama hawakuomba kabisa. Waliofikishwa mahakamani unawahesabu kwa vidole. Hao wa Cradock hakuna aliyeshtakiwa, watuhumiwa wamekufa mmoja mmoja kwa uzee. Uchunguzi wa kifo cha Ahmed Timol, aliyedaiwa kujirusha ghorofani mwaka 1971 akiwa mikononi mwa polisi, ulifunguliwa upya, na mwaka 2017 jaji akasema alisukumwa. Askari aliyeshtakiwa akafa 2021 kesi haijasikilizwa. Mwaka 2025 ndipo Rais Ramaphosa kaunda tume ya kuchunguza kama kuna mkono uliozuia kesi hizo. Tume ya kuchunguza kwa nini tume haikufuatiliwa. Nacheka kwa uchungu.

#11 Mkulima wa Kibaigwa
Haya, 849 walisamehewa kwa karatasi na waliobaki wakasamehewa kwa uvivu. Matokeo si yaleyale?

#12 Chagua Moja
Goli hilo 😂 Wakili, refa anakuangalia.

#13 Mjukuu wa Mazimbu
Mimi nimekulia Morogoro, jirani kabisa na Mazimbu. Kwa wasiojua, ANC walipewa eneo pale wakajenga shule kuanzia 1978, ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Mama yangu alikuwa akiwauzia maandazi. Anasema walikuwa wakipenda chai ya maziwa mengi na walikuwa wakiimba kwenye kila shughuli, msiba, harusi, hata kuvuna mahindi. Mwaka 1992 wakakabidhi kila kitu kwa Tanzania, majengo, shamba, hospitali, leo ni kampasi ya SUA, chuo kikuu cha kilimo. Makaburi yao bado yapo, wanakuja ndugu zao kuzuru.

Sasa mama huwa anauliza swali moja, nalileta kama lilivyo: "Wale watoto niliowauzia maandazi ndio wanaowapiga wenzenu leo?"

#14 Mzamiaji Mstaafu
Dada Mjukuu, mpe mama shikamoo yangu, halafu mwambie hapana, si wale. Wale wa Mazimbu wengi wamepata kazi serikalini, wanakaa mitaa yenye geti. Wanaopiga ni vijana waliozaliwa wakati huo au baadaye, hawajawahi kusikia neno Morogoro.

Mimi nilikuwa Alexandra, Johannesburg, Mei 2008 ghasia za kuwapiga wageni zilipoanza. Nilipanga kibanda cha bati nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kipedi. Usiku tulisikia filimbi kwanza, kisha mapanga yakikwaruzwa kwenye lami. Walikuwa wanasimamisha mtu wanamuuliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, ukikosea umekwisha. Mimi nilikuwa nakijua maana nilikuwa na shemeji huko. Kuna Mtsonga, raia kabisa wa Afrika Kusini, hakujua. Yule mama Mpedi alinifungia chumbani kwake akakaa mlangoni na sufuria ya maji ya moto mapajani mpaka kukakucha.

Kwa nchi nzima walikufa 62, na 21 kati yao walikuwa raia wao wenyewe.

#15 Binti wa Chwaka
Pole sana kaka. Huyo mama Mungu amuweke.

Ila mmeona? Zamani wakati wa kaburu ofisa alikuwa anachomeka penseli kwenye nywele zako, isipodondoka wewe mweusi. Safari hii ni kiwiko. Raia wameirithi akili ileile ya kupima watu.

#16 Mkulima wa Kibaigwa
Binti, njaa hiyo. Mtu mwenye shamba lake hana muda wa kuuliza viwiko. Unarudi palepale kwenye ardhi.

#17 Mwana Bukavu
Mie naishi Yeoville, Johannesburg, miaka mingi sasa. Karatasi ya kuomba ukimbizi ilikuwa inabidi kuirudisha kila baada ya miezi michache. Ofisi moja nilikuwa nafika saa tisa usiku nakuta foleni imeshazunguka ukuta, na mlinzi anauliza kwa kidole tu, unajua anataka nini. Ikipita tarehe, polisi akikukamata wewe ni mhalifu.

Lakini niseme na hili: Sura ya Haki ya Katiba yao inalinda kila mtu aliye nchini humo, si raia tu, isipokuwa mambo machache kama kura na pasipoti. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba iliwapa Wamsumbiji wenye ukaazi wa kudumu haki ya kupata posho za wazee na watoto. Kikundi kile cha Dudula, cha wapinga wageni, kilipoanza kusimama mlangoni mwa zahanati kuwarudisha wajawazito wageni, mahakama kuu hapa Johannesburg iliwapiga marufuku, 2025. Kwenye nchi yangu, nani angethubutu kuipeleka serikali mahakamani? Mke wangu alijifungua hapa, hospitali ya umma, nesi akamtukana kwa Kizulu huku akimhudumia. Vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo Sauzi hiyo.

#18 Dogo Janja 88
"Akamtukana huku akimhudumia." Hiyo ni kila hospitali ya umma Afrika, wala si Sauzi tu 😂

#19 Nyakati za Nairobi
Mwana Bukavu amegusa mahakama. Na mimi naweka yangu hapo. Juni 1995 walifuta adhabu ya kifo wakati wananchi wengi wakiitaka. Mwaka huohuo wakamshinda Mandela mwenyewe kwenye kesi ya serikali za mitaa ya Western Cape, akatoka hadharani akasema anatii. Rais gani mwingine wa ukanda wetu alishindwa kesi akasema asante? Hata jengo lao Johannesburg wamelijenga kwenye gereza la zamani, matofali ya mahabusu wakayatumia kwenye kuta za ukumbi.

#20 Mzee Mlali
Matofali hayaliwi, kijana wangu. Muulize Irene Grootboom. Alikuwa na wenzake, watoto na mabati yao, wakabomolewa 1999 kule Wallacedene, Cape Town, wakahamia kwenye uwanja wa mpira chini ya plastiki, mvua za masika ya Cape zikiwakuta. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikasema serikali haina mpango wa maana kwa watu wasio na pa kulala kabisa, haki yao ya makazi imevunjwa. Kesi ile inasomeshwa vyuo vikuu dunia nzima. Yeye alikufa 2008 akiwa bado kwenye kibanda.

#21 Wakili wa Mtaani
Mzee shikamoo. Kweli kabisa, lakini usiiache kesi ya pili. Mwaka 2002 wanaharakati wa tiba ya UKIMWI waliishtaki serikali ya Rais Mbeki iliyokuwa inabana nevirapine, dawa ya kumkinga mtoto asiambukizwe na mama wakati wa kuzaliwa, iwe kwenye vituo vichache vya majaribio tu. Mahakama ikaamuru itolewe hospitali za umma nchi nzima. Kuna watoto wako hai leo, vijana wa miaka ishirini na kitu, kwa sababu ya hukumu ile. Tofauti ni kwamba nyuma ya hii kulikuwa na watu mtaani kila siku na fulana zao. Nyuma ya Grootboom baada ya hukumu hakubaki mtu.

#22 Mzee Mlali
Marahaba. Hilo nakubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba kidonge ni rahisi kuliko nyumba.

#23 Jicho la Tatu
Nimesoma kurasa zote, mnazunguka. Tatizo si 1994, ni 2009 alipoingia Zuma. Hadi hapo nchi ilikuwa inakwenda, umeme vijijini, posho za watoto, nyumba za serikali. Halafu hela za umma zikajenga Nkandla, nyumbani kwake, rand milioni 246, ndani yake bwawa la kuogelea wakasema ni la kuzimia moto. Thuli Madonsela, Mlinzi wa Umma, akaandika ripoti, mahakama 2016 ikasema Zuma amevunja Katiba, akalipa milioni 7.8. Alipogoma kwenda kwenye tume ya Zondo ya kuchunguza ufisadi akafungwa 2021, watu zaidi ya 300 wakafa kwenye vurugu. Mtu mmoja na bwawa lake.

#24 Chagua Moja
Bwawa la zimamoto 😂😂 Sisi huku zimamoto wanafika hawana maji, wenzetu wana bwawa.

#25 Binti wa Chwaka
Jicho, umesahau Marikana wakati unamwaga lawama kwa Zuma peke yake. Agosti 2012, wachimba madini 34 walipigwa risasi na polisi siku moja kwa kudai mshahara. Polisi wa serikali ya watu weusi. Ramaphosa alikuwa mjumbe wa bodi ya kampuni ya platinamu iliyowaajiri. Tulikuwa tukijua picha kama hiyo ni ya Sharpeville 1960 tu, wale 69 waliouawa na polisi wa makaburu. Na Katiba Mandela alikwenda kuisainia palepale Sharpeville, Desemba 1996.

#26 Mkulima wa Kibaigwa
Ramaphosa huyohuyo ndiye aliyekuwa mjadili mkuu wa ANC, na mwenyekiti wa bunge la kuandika Katiba. Akatoka hapo akawa tajiri wa migodi. Sasa mimi nikisema mechi iliuzwa mnasema sina hoja!

#27 Wakili wa Mtaani
Kutajirika baada ya mechi si ushahidi wa kuuza mechi, mkuu. Lete ushahidi wa kikao.

#28 Mzamiaji Mstaafu
Mkulima kamsifia Mugabe mwanzo wa uzi na hakuna aliyemgusa. Mimi nimefanya kazi na Wazimbabwe Jozi, mwalimu wa hisabati tulikuwa tunabeba naye matofali. Mashamba yalipochukuliwa kuanzia 2000, vibarua wa mashamba hayo ndio waliofukuzwa kwanza, wengi wao wenye asili ya Malawi na Msumbiji. Ardhi ilirudi, sikatai. Ila wengi walioipata walikuwa na kadi ya chama, na walioikosa ndio waliokuja kuulizwa viwiko Alexandra.

#29 Mkulima wa Kibaigwa
Hapo umenibana kidogo. Lakini ardhi ni yao leo, hilo hulifuti.

#30 Mjukuu wa Mazimbu
Nimemsomea mama majibu yenu. Anamshukuru Mzamiaji. Kaongeza kitu ambacho mimi sikukijua: kuna vijana pale kambini walikuwa wanaogopa wenzao wa usalama wa ANC, mwingine akiondoka hatajwi tena. Hilo nalo lilifika kwa Tutu?

#31 Wakili wa Mtaani
Mambo ya makambi yalifika, hasa ya Angola, kambi ya Quatro. ANC wenyewe walishaunda tume za ndani kabla ya uchaguzi na zikakiri mateso. Tume ya Tutu ilipoandika kwamba ANC nayo ilivunja haki za binadamu, chama kilikimbilia mahakamani kuzuia ripoti isitoke, Oktoba 1998. Wakashindwa, Mandela akaipokea kama ilivyo. De Klerk yeye alifanikiwa kidogo: ukurasa uliomhusu ulichapwa ukiwa umepakwa wino mweusi.

#32 Jicho la Tatu
Na waathirika waliofika mbele ya tume walipewa ngapi?

#33 Wakili wa Mtaani
Rand 30,000 kwa mtu, mara moja, 2003. Tume ilipendekeza zaidi ya hapo, kwa awamu za miaka sita. Wafanyabiashara walioneemeka na ubaguzi, ambao Tutu alitaka watozwe kodi maalumu, hawakutozwa.

#34 Mkulima wa Kibaigwa
Naacha hapo. Mwenye macho haambiwi tazama.

#35 Binti wa Chwaka
Mkulima anaaga kabla hatujafika uchaguzi wa 2024 😂 ANC kaporomoka hadi asilimia 40, karudi kwenye serikali ya umoja, na Wizara ya Kilimo kapewa Steenhuisen wa chama cha DA. Mweupe. Kilimo, jamani.

#36 Mkulima wa Kibaigwa
Nimerudi. KILIMO????

#37 Nyakati za Nairobi
Wakubwa, kwa kuwa tumefika kwenye fidia, mwaka 2013 Waingereza walikubali kuwalipa wazee wetu wa Mau Mau zaidi ya 5,000, na wengi wakabaki nje ya orodha. Nikilinganisha na zile rand 30,000...

#38 Chagua Moja
Nairobi, hiyo ya Mau Mau fungua uzi wake. Hapa tunamsubiri Mkulima amalize kusoma baraza la mawaziri.